Maumbile au mapatano: haki ya kutawala inatoka wapi?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Katika kikundi chetu cha kusoma falsafa ya siasa tumegawanyika. Wenzangu wanashikilia kwamba dola, sheria na haki ni mapatano ya watu tu, wala maumbile hayamo. Nikawauliza: basi sheria za utumwa, ambazo nazo zilipitishwa na watu, tunazilaumu kwa msingi upi? Lakini kila nikikimbilia upande wa maumbile nakutana na waliosema kuwa maumbile yenyewe yamewaweka wengine juu na wengine chini. Nisimame wapi? Na je, watu wa pande hizi mbili wanaweza kuandika katiba moja?

Jibu: Marahaba. Swali lako limegusa panapouma, nami nitalijibu kwa kirefu, maana majibu ya mkato katika jambo hili yamewaponza wengi.

Tuanze kwa kutenganisha maswali mawili ambayo mabishano ya aina hii huyachanganya. La kwanza ni la chanzo: dola na sheria zilitokeaje? La pili ni la uhalali: kwa nini nizitii? Mtu anaweza kuthibitisha kwamba sheria fulani ilitungwa na watu, siku fulani, katika baraza fulani, na bado akawa hajasema lolote kuhusu kama ni ya haki. Mwingine anaweza kuonyesha kwamba tangu zamani binadamu ameishi kwa makundi yenye wakubwa, na bado akawa hajasema kama wakubwa hao walistahili ukubwa. Wenzako wamelijibu la kwanza wakadhani wamelimaliza na la pili. Wale unaokutana nao upande wa maumbile wamefanya kosa hilohilo kwa njia nyingine.

Mjadala wenyewe ulipamba moto Ugiriki katika karne ya 5 KK, na haukuzuka bure. Wagiriki wa wakati ule walikuwa wakianzisha miji mipya ng'ambo na kuitungia sheria. Inasimuliwa kwamba Protagoras, mwalimu wa falsafa, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika sheria za Thurii, mji ulioanzishwa kusini mwa Italia mnamo mwaka 444 KK. Ukishamjua kwa jina aliyeziandika sheria zako, si rahisi tena kuamini kwamba zilishuka kutoka mbinguni. Tena walisafiri, wakaona watu wengine wakiishi kwa kanuni nyingine na mambo yao yakaenda vizuri tu.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne hiyohiyo, anasimulia kisa ambacho bila shaka wenzako wangekipenda. Mfalme Dario wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa barazani kwake akawauliza wangetaka fedha kiasi gani ili wale maiti za baba zao. Wakajibu kwamba hakuna fedha ya kuwafanya wafanye hivyo. Akawaita watu wa India walioitwa Callatiae, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi waliofariki, akawauliza, huku Wagiriki wakisikiliza kupitia mkalimani, wangetaka kiasi gani ili wawachome moto. Wakapiga ukelele, wakamsihi asitamke neno kama hilo. Herodotus anamalizia kwa kumuunga mkono mshairi Pindar: desturi ndiyo mfalme wa wote.

Wengi huishia hapo na kuona kesi imekwisha. Mimi naona kisa hiki kinasema zaidi. Watu wale hawakuhitilafiana juu ya kama wafu wana heshima yao. Hakuna aliyesema maiti ya baba itupwe tu. Walihitilafiana juu ya namna ya kutimiza wajibu ambao wote waliuhisi kwa nguvu kiasi cha kupiga kelele. Kuna sehemu ya jambo lile iliyotokana na desturi, na kuna sehemu ambayo desturi zote mbili zilikuwa zikiitumikia. Nitairudia hoja hii, maana ndiyo ninayoitegemea.

Sasa mtu ambaye ningependa kikundi chenu kimsome kwa makini ni Antiphon, mwanafalsafa wa Athens wa karne ileile. Kazi yake juu ya ukweli ilipotea kwa karne nyingi, hadi vipande vya mafunjo vilipofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri na kuchapishwa mapema katika karne ya 20. Anaanza na maana ya kawaida: haki ni kutovunja sheria za mji wako. Halafu anasema jambo linalokera. Mtu anafaidika zaidi akizifuata sheria anapokuwa mbele ya mashahidi, na akiwa peke yake ayafuate maumbile. Sababu yake ni kwamba amri za sheria zimepachikwa juu yetu, za maumbile ni za lazima. Za sheria zimetoka katika mapatano, za maumbile zimeota zenyewe. Anayevunja sheria asionekane na wale waliopatana, anaepuka aibu na adhabu. Lakini anayeyalazimisha maumbile kupita uwezo wake hupata madhara yaleyale, wasimwone hata mtu mmoja au wamwone wote. Hapo mtu hadhuriki kwa maoni ya watu, anadhurika kwa kweli.

Ushauri wake wa kutii palipo na mashahidi tu siukubali. Lakini ametuachia kipimo chenye thamani kubwa: je, dhara hili lipo hata pasipo na anayetazama? Njaa ya mtu haingoji baraza liitambue. Mfupa ukivunjika umevunjika, hata kama sheria inasema aliyevunjwa si mtu wa kuhesabiwa. Hapa tayari una jibu la nusu kwa wenzako. Utumwa uliwaumiza watu kwa namna ambayo hakuna kura ingeweza kuifuta. Mapatano yanaweza kuamua nani ataadhibiwa kwa dhara, nani atalipwa fidia, na kipi kiitwe kosa. Hayawezi kuamua kwamba dhara halikutokea.

Ni nusu tu, kwa sababu bado kuna atakayesema: sawa, anaumia, lakini maumbile yamemuumba wa kuumia. Na hapo ndipo historia ya hoja hii inapotisha. Katika kizazi kimoja tu cha Wagiriki, neno hilohilo la maumbile lilitoa majibu yaliyopingana kabisa. Antiphon huyohuyo aliandika kwamba kwa maumbile Wagiriki na wale waliowaita washenzi tumeumbwa sawa, kwa kuwa sote tunavuta hewa kwa mdomo na pua. Alcidamas, mwalimu wa ufasaha wa baada yake kidogo, alisema Mungu amewaacha wote huru na maumbile hayakumfanya yeyote mtumwa. Lakini Callicles, katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Gorgias, alitazama wanyama, akatazama majeshi ya Xerxes, mfalme wa Uajemi, yakiivamia Ugiriki, akasema sheria ya maumbile ni kwamba mwenye nguvu apate zaidi, na kwamba sheria za miji ni hila ya wanyonge wengi wanaotaka kumfunga kamba aliye bora. Thucydides, mwanahistoria wa Athens, anatuonyesha hoja hiyo ikiwa kazini. Mwaka 416 KK wajumbe wa Athens waliwaambia watu wa kisiwa cha Melos kwamba mwenye nguvu hufanya awezalo na mnyonge hukubali alazimishwalo, na kwamba kutawala unapoweza ni lazima ya maumbile. Melos iliposalimu amri, wanaume waliokamatwa wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Unaona kilichotokea? Mmoja alichagua kutazama pua, mwingine akachagua kutazama simba. Maumbile yana vyote viwili, na hayakumwambia yeyote atazame kipi. Kwa hiyo mtu akikuletea hoja ya maumbile, uchunguze uchaguzi huo kwanza kabla hujahangaika na mengine.

Katika mazungumzo hayohayo Socrates alimjibu Callicles kwa swali jepesi ambalo halijapoteza makali yake. Wale wengi wakiungana, si wana nguvu kuliko huyo mmoja? Basi sheria walizoziweka ni sheria za wenye nguvu, na kwa kipimo chako mwenyewe ndizo za maumbile. Callicles akalazimika kubadili maneno: hakumaanisha nguvu za mwili, alimaanisha walio bora na wenye busara. Lakini akishasema hivyo ameondoka kwenye maumbile ya simba, ameingia kwenye mabishano ya nani ni bora, na hayo hakuna mnyama anayeweza kuyaamua. Karibu miaka 2,000 baadaye Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, aliifikia hoja hiyo kwa njia kavu zaidi: hata aliye dhaifu kuliko wote ana nguvu ya kutosha kumuua aliye na nguvu kuliko wote, kwa hila au kwa kuungana na wenzake. Hakuna binadamu mwenye nguvu za maumbile zinazotosha kumfanya mtawala. Kila mtawala hulala usingizi, na usiku huo anategemea kwamba kuna watu waliokubali kumlinda.

Lakini usidhani upande wa mapatano ni safi. Nao umetumikia mabwana wawili. Protagoras, kama Plato anavyomnukuu, alifundisha kwamba lolote mji unaloliona kuwa la haki ni la haki kwa mji huo, maadamu unaliona hivyo. Fundisho hili linawazuia watu kudharau desturi za wengine, na hilo ni jema. Ila mwenye mji dhalimu naye analipenda sana. Upande wa pili, walikuwepo watu ambao Aristotle anawataja bila majina, waliosema kwamba utumwa ni wa mapatano tu, kwamba kwa maumbile bwana na mtumwa hawana tofauti, na kwa hiyo utumwa ni dhuluma kwa sababu umejengwa kwa mabavu. Kwao kusema jambo ni la mapatano kulikuwa ni kusema kwamba walioliweka wanaweza kuliondoa.

Aristotle mwenyewe nitakaa naye kidogo, maana ndiye unayemwogopa. Anasema binadamu kwa maumbile ni kiumbe wa kuishi katika dola, na kwamba wapo watu ambao kwa maumbile ni watumwa. La kwanza limedumu. La pili soma anavyolitetea. Anaandika kwamba maumbile hukusudia kuitofautisha miili ya watu huru na ya watumwa, hii iwe imara kwa kazi nzito, ile iwe imenyooka na kufaa kwa maisha ya uraia. Kisha anaongeza kwamba mara nyingi hutokea kinyume chake. Ni sentensi fupi, na inabomoa jengo zima. Kama alama haionekani mwilini, na roho haionekani kwa macho, nani atawatenga hao watumwa wa maumbile? Kwa vitendo waliwatenga kwa vita. Aristotle anakiri wazi kwamba ipo sheria ambayo ni aina ya mapatano, kwamba vilivyotekwa vitani ni mali ya washindi, na kwamba wapo walioipinga. Basi mtumwa wa Athens alikuwa mtumwa kwa mapatano ya washindi, na maumbile yaliletwa baadaye kuyafunika.

Hoja hiyo haikufa pamoja naye. Mwaka 1550 na 1551, huko Valladolid, Hispania, mwanazuoni Juan Ginés de Sepúlveda aliitumia kutetea vita vya Wahispania dhidi ya wenyeji wa Amerika, na padri Bartolomé de las Casas akampinga.

Ila katika kitabu chake cha maadili Aristotle ana jambo lingine ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Anagawa haki ya kisiasa mara mbili, ya maumbile na ya sheria. Ya sheria ni ile ambayo kabla ya kuwekwa haikujali iwe hivi au vile, kama kiasi cha kumkomboa mateka, au kutoa sadaka ya mbuzi badala ya kondoo wawili. Hapo tungetarajia aseme kwamba ya maumbile haibadiliki, kama moto unavyounguza vilevile Ugiriki na Uajemi. Hasemi hivyo. Anasema kwetu sisi hata ya maumbile yana mabadiliko: kwa maumbile mkono wa kulia una nguvu zaidi, lakini mtu akijizoeza anaweza kuitumia mikono yote miwili sawasawa. Kwa hiyo hata kama mtu angethibitisha kwamba binadamu wana mwelekeo wa kuzaliwa nao wa kujipanga juu na chini, angekuwa amethibitisha pa kuanzia tu. Mkono wa kushoto unafundishika.

Katika ulimwengu wa Kiislamu, aliyeliweka jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini, katika kitabu chake Muqaddimah cha mwaka 1377. Anachukua chakula cha mtu mmoja cha siku moja, ngano kidogo tu. Lazima isagwe, ikandwe, iokwe. Kila kazi katika hizo inataka vyombo, na vyombo vinamtaka mhunzi, seremala na mfinyanzi. Hata kama mtu angekubali kula punje kavukavu, nani amelima, nani amevuna, nani amepura? Nguvu za mtu mmoja hazitoshi. Basi kuishi pamoja ni lazima ya maumbile. Na wakishakusanyika, kwa kuwa binadamu ana tabia ya kushambuliana, na silaha zinazowakinga na wanyama kila mmoja anazo, hawana budi kuwa na mamlaka ya kuwazuia. Utawala nao, kwa maana hiyo, ni wa maumbile.

Lakini angalia anaposimama. Maumbile yametaka kuwe na mkate na kuwe na mzuiaji. Hayakusema mzuiaji awe nani. Hilo analieleza kwa mshikamano wa kundi, ule aliouita asabiyya, ambao hujengeka, hushamiri, kisha hulegea kadiri watawala wanavyozoea anasa. Na waliposema wanafalsafa kwamba akili peke yake inathibitisha mamlaka ni lazima yatoke katika sheria iliyoletwa na nabii, yeye, kadhi na Mwislamu, aliwapinga: wapo watu wengi wasio na kitabu waliokuwa na dola na majengo makubwa. Hakuruhusu hata jambo alilolipenda lipitishwe kwa jina la maumbile bila ushahidi.

Sasa tuwageukie wenzako, maana neno lao la mapatano linabeba vitu viwili tofauti. Kipo kitu ambacho watu wamekiahidi kwa hiari, wakijua wanachokiahidi. Na kipo kitu kilichozoeleka tu, kila mmoja anakifuata kwa sababu anaona wengine wanakifuata. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1739 na 1740, alitoa mfano wa watu wawili wanaovuta makasia katika mashua moja. Hawajaahidiana chochote, lakini makasia yao yanakwenda pamoja kwa sababu kila mmoja anaona faida ya kwenda na mwenzake. Ndivyo anavyoeleza kukua kwa kanuni za mali, lugha na fedha. Anaziita za kutengenezwa, kisha anahimiza kwamba kutengenezwa si kuwa za holela. Binadamu ni wachoyo kiasi, wana huruma kiasi, na vitu vyao ni haba na rahisi kunyang'anywa. Kwa viumbe wa namna hiyo kanuni fulani zitashika, na nyingine hazitashika hata zikipigiwa kura mara ngapi.

Hume huyohuyo, katika insha ya mwaka 1748, aliwashambulia waliosema kila raia amekubali kutawaliwa kwa kuwa tu hajahama. Ni sawa, anasema, na kudai kwamba mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini ameridhia amri za nahodha, eti kwa sababu hajajitosa baharini akafa. Maneno haya wasomee wenzako. Sheria za utumwa zilikuwa mapatano ya nani? Walioingia katika mapatano yale walikuwa wanunuzi, wauzaji na mabunge yao. Jean-Jacques Rousseau alipoandika juu ya mkataba wa kijamii mwaka 1762, alikubali kabisa kwamba utaratibu wa jamii umetokana na mapatano na si maumbile. Lakini aliyageuza maneno ya mkataba wa utumwa yaonekane yalivyo: tunapatana kwamba gharama zote ziwe zako na faida zote ziwe zangu, nami nitayashika mapatano haya nikipenda, nawe utayashika nikipenda. Hayo si mapatano hata kidogo. Kwa hiyo hata kwa mtu asiyeamini maumbile kabisa, sheria ya utumwa inashindwa mtihani wake mwenyewe.

Hapa wenzako wanaweza kupumua, lakini nina swali moja kwao. Kwa nini lazima kila mtu aulizwe? Kwa nini mapatano yaliyofanyika bila mtumwa yasiwe halali kwa mtumwa? Wakijibu kwamba tumepatana iwe hivyo, tutawauliza nani alipatana, na tutazunguka bila kufika. Mapatano hayawezi kujipa nguvu yenyewe. Lazima kuwe na jambo moja lililotangulia: kwamba huyu naye ni mtu ambaye kukataa kwake kuna uzito. Jambo hilo halikupitishwa kikaoni. Ndilo linalofanya kikao kiwe na maana.

Je, tunalipata katika maumbile? Kwa sehemu. Kutoka pua za Antiphon hadi usawa wa raia hakuna daraja la moja kwa moja, na Hume ndiye aliyetuonya dhidi ya kuruka kutoka kwenye yaliyopo hadi kwenye yanayopasa kuwepo. Njia ninayoiona kuwa imara ni kuuliza nani ana mzigo wa kuthibitisha. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliliweka hivi mwaka 1689: viumbe wa jinsi moja, waliozaliwa na uwezo uleule, wahesabiwe sawa, isipokuwa Muumba wao awe amemweka mmoja juu ya wengine kwa tamko la wazi. Yaani usawa ndio mwanzo, na anayetaka kupanda juu alete hati. Mzigo huo unamwangukia na Locke mwenyewe. Aliwekeza fedha katika Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyouza watumwa, na alikuwa katibu wa mabwana wa Carolina, koloni la Kiingereza huko Amerika, ambao katiba yao ya mwaka 1669 ilimpa mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Hati ya kupanda juu hakuna aliyeileta.

Na hati ikiletwa, ikaguliwe vipi? John Stuart Mill, akiandika mwaka 1869 kuhusu wanawake kuwekwa chini ya waume, alitoa kanuni ninayoipenda kwa urahisi wake: lile ambalo wanawake kwa maumbile yao hawawezi kulifanya, hakuna haja ya kuwakataza wasilifanye. Marufuku yenyewe ni ushahidi dhidi ya aliyeiweka.

Tuitumie mahali panapojulikana. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilisema tofauti za watu ni za maumbile na kila rangi ina mahali pake. Mwaka 1949 ikapitisha sheria ya kuzuia ndoa kati ya Wazungu na wengine. Kama maumbile yalikuwa yamewatenga, nani alikuwa akioana hadi serikali ikahitaji sheria? Mwaka 1950 ikaja sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake. Maafisa walikagua ngozi na nywele, wengine wakachomeka penseli kwenye nywele kuona kama itashika au itaanguka. Asiyeridhika alikata rufaa kwenye bodi, na wapo waliohamishwa rasmi kutoka rangi moja kwenda nyingine, ndugu wa tumbo moja wakajikuta pande mbili. Na sheria yenyewe ilimtafsiri Mzungu kuwa ni yule ambaye kwa sura ni wazi kuwa Mzungu, au ambaye kwa jumla watu wanamkubali kuwa Mzungu. Wanamkubali! Ndani ya sheria iliyodai kulinda kazi ya maumbile, kipimo kilikuwa maoni ya majirani.

Basi nisimame wapi, umeuliza. Simama hapa. Maumbile yametupa miili inayoumia, tumbo linaloshika njaa, utoto mrefu unaohitaji walezi, akili inayoweza kuuliza kwa nini. Hayo hayatokani na mapatano, na mapatano yanayoyapuuza yanaumiza watu kwa kweli. H.L.A. Hart, mwanafalsafa wa sheria wa Kiingereza ambaye hakuwa mfuasi wa nadharia ya sheria ya maumbile, alikiri mwaka 1961 kwamba maadamu tunaweza kuumizana, tunakaribiana kwa nguvu na vitu vyetu ni haba, hakuna jamii itakayodumu bila kanuni za kuzuia mauaji na wizi. Lakini nani atawale, kwa muda gani, mali igawanywe vipi, mtoto arithi nini, hapo maumbile hayana la kusema, na anayesema kwa niaba yao anasema ya kwake. Hayo ni yetu kupatana, na wote wanaobeba matokeo lazima wawemo.

Kuhusu katiba: wameshaandika. Rasimu ya Tamko la Haki za Binadamu ilisema kwamba watu wamejaliwa akili na dhamiri kwa maumbile. Katika kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1948 wajumbe wa Brazili walitaka itajwe kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Wengine hawakutaka Mungu wala maumbile. Suluhu ikawa kuyafuta maneno ya maumbile na kuacha akili na dhamiri bila kutaja aliyezitoa. Tamko likapita tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna aliyepinga, 8 wakajizuia, Afrika Kusini ikiwa mmoja wao.

Ujerumani Magharibi ilikwenda mbali zaidi mwaka uliofuata. Kifungu cha 1 cha Sheria yake ya Msingi, yaani katiba yake, kinasema utu wa binadamu hauguswi, na kifungu cha 79 kinakataza marekebisho yoyote yatakayogusa misingi ya kifungu hicho, hata wabunge wote wakikubaliana. Mtu wa maumbile angesoma hapo imani yake yote: kuna jambo lililo juu ya kura. Waulize wenzako wanalisomaje, na wewe jiulize pia, maana kifungu hicho cha 79 kilipita pamoja na vingine vyote katika baraza la watu 65 lililokaa Bonn, tarehe 8 Mei 1949, kwa kura 53 dhidi ya 12.